HOSTELI YA VIOO KATIKATI YA MJI WA KALE: NANI ALIIPITISHA RAMANI HII?

Wanajamvi, nina hasira na sitaificha. Mtaani kwetu huku Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye kichochoro ambacho mkokoteni ukipita mtu hujibanza ukutani, panajengwa hosteli ya wanafunzi. Orofa tatu zimeshasimama, vyuma vya ya nne vinafungwa, na kibao cha mradi kinaonyesha orofa sita za vioo vya buluu na fremu za alumini kutoka chini hadi juu. Baraza hakuna. Roshani hakuna. Ua hakuna. Ploti yote imejazwa mpaka kwenye ukuta wa jirani, na jirani mwenyewe ndiye mimi.

Kabla hamjanirukia: sina ugomvi na wanafunzi. Waje! Vijana wa chuo cha Tudor, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, wanapanga hadi Mshomoroni na Bamburi, kila asubuhi wanagombania matatu kuvuka daraja la Nyali. Na huku kwetu Kibokoni na Ndia Kuu kuna nyumba zimefungwa miaka, warithi hawaelewani, mvua yaingia kutoka darini na popo wanazaana humo. Kuwaleta vijana mjini ni jambo la kheri kabisa. Kinachoniuma ni dharau iliyomo katika jengo lenyewe.

Niwape mfano wa dharau hiyo. Kuna bibi mtaani kwetu, mtu mzima, roshani yake ya mbao ilianza kuoza. Alipotaka kuitengeneza akaambiwa alete michoro, alete picha, aseme mbao za aina gani na nakshi zitafanana vipi na za zamani. Akahangaishwa na makaratasi mpaka masika yakaja yakaangusha kipande chake ndiani. Sawa, huu mji ni eneo la hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, tuna Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006, na mimi naziunga mkono hizo kanuni kwa moyo wangu wote. Lakini waliombana bibi wa watu kwa roshani moja walikuwa wapi mifuko ya simiti ilipokuwa ikishushwa hapa usiku na mchana?

Twaambiwa eti hii ndiyo nyumba ya kisasa. Kisasa kwa nani? Nyumba zetu zina kuta za matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, dari ziko juu, na nyingi zina ua wa kati ulio wazi mbinguni. Joto hupanda likatokea pale, upepo wa kusi au kaskazi ukavutwa ndani kupitia madirisha ya luva. Mtu hulala mchana wa Februari bila feni. Sasa chukua kuta nyembamba za bloku, weka kioo kizima upande wa jua la alasiri, dirisha lenyewe lafunguka kipande tu, umtie humo mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Atakesha. Akitaka kulala, anunue tokeni za stima za kuendesha kiyoyozi. Mwenye hosteli atakusanya kodi, na gharama ya ujinga wa mchoraji italipwa na mtoto wa watu.

Na uchungu zaidi ni kwamba nyumba ya kale yafaa kwa wanafunzi kuliko hilo sanduku. Upana wa vyumba vya zamani ulifuata urefu wa boriti za mikoko, chini kidogo ya mita tatu, chumba kikawa chembamba na kirefu. Kitanda, meza na kabati vinaenea vizuri, na madaka ukutani ndiyo rafu za vitabu. Vipange vyumba hivyo kuzunguka ua, orofa mbili au tatu, mabomba na vyoo uviweke pamoja upande mmoja, intaneti upitishe, stima upitishe. Nani atasema hiyo si nyumba ya leo? Baraza la nje liwe la vijana na wazee wa mtaa pamoja, maana hosteli isiyo na baraza itamwaga vijana wote mlangoni kwa watu, halafu tuanze kulaumu tabia zao.

Nije kwenye sitara. Tembeeni vichochoro vyetu mtazame milango: ya nyumba mbili haielekeani, na ukiingia unakutana na ukumbi kwanza, huoni ndani. Wazee walifikiria. Hawa wametoboa madirisha mapana yanayotazama moja kwa moja uani kwetu. Mamangu sasa anapika amejitanda leso gubigubi ndani ya ua wake mwenyewe, kwa kuwa mafundi wako juu ya kichwa chake tangu asubuhi. Wakiondoka mafundi wataingia wapangaji. Vijana wenyewe hawana kosa. Dirisha ndilo limewekwa pasipofaa.

Halafu nyufa. Walichimba msingi wakikwaruza ukuta wetu, na nyumba hizi misingi yake si ya kina. Ufa umeanzia chini umepanda hadi kwenye dirisha la chumba cha watoto. Nilipolalamika, kontrakta akasema atapiga plasta ya simiti, yaishe. Haiishi! Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu na chumvi ya bahari, na chokaa inauacha upumue. Ukiufunika kwa simiti unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma, na baada ya misimu michache plasta inabanduka na vipande vya ukuta. Fundi yeyote wa mji huu anayejua chokaa angemwambia, lakini hakuna aliyeitwa.

Wala msiniambie haiwezekani kujenga kitu kipya kwa mtindo wa kwetu. Chuo chenyewe cha Tudor, kilipoanza kama MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Sultani wa Unguja, Aga Khan na Mabohora, kilikuwa kitu kipya kabisa na bado kikajengwa kwa matao. Unguja nako, chuo kikuu cha taifa kina kampasi Vuga, ndani ya Mji Mkongwe.

Tumeandika barua, majirani tumetia sahihi, ofisi moja yatutuma kwa nyingine. Ramani iliyoidhinishwa hatujaonyeshwa mpaka leo. Twataka ujenzi usimame hapo ulipofika, orofa zisiongezwe, madirisha ya upande wetu yabadilishwe, na ukuta wetu utengenezwe kwa chokaa na fundi anayeijua, kwa gharama ya mwenye mradi. Vyuma vikimalizika watamwaga zege la orofa ya nne wakati wowote. Kama kuna wakili humu, au mhandisi aliye tayari kuja kuupima huo ufa na kuuandikia ripoti ya kupeleka mahakamani, naomba aniandikie hapa leo.