Majina matatu, mtu mmoja: nani amepita ofisi hizi karibuni?

Kutoka: Mwana wa Makorora

Assalaam aleikum wana Tanga wenzangu. Wakubwa shikamooni.

Nimekwama. Wengi mnaijua kazi yangu: ni RO, yaani opereta wa kinu mwenye leseni, mwaka wa tisa sasa, kwenye kituo cha nyuklia hapa Marekani kilichowashwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wiki mbili zilizopita beji yangu imezuiwa. Sijafanya kosa. Uchunguzi ule wa usalama wa kila miaka 3 umenifikia, na ofisi ya usalama imeona cheti changu cha kuzaliwa kina majina matatu, cheti cha kidato cha nne kina mawili, na kwenye N-400, fomu ya kuomba uraia wa hapa, niliacha jina la babu. Wanataka karatasi kutoka Tanzania inayosema hao wote ni mimi. Nilikula kiapo hapa mbele ya notari, nikapeleka, wakanirudishia. Binamu yangu akaenda ofisi moja pale mjini Tanga kunitafutia barua, akaambiwa mwenye jina aje mwenyewe.

Kinachonikosesha usingizi ni 55.53, kanuni ya leseni za waendeshaji wa vinu. Ili leseni ibaki hai ni lazima nisimame zamu 5 za saa 12 kila robo ya mwaka. Nimesimama 2. Robo inaisha Septemba 30, na bila beji sipiti getini. Simuleta, chumba cha mazoezi kinachoiga kile cha kontroli, iko nje ya uzio, huko naingia, lakini saa za simuleta hazihesabiwi.

Swali: kuna aliyekubaliwa kwa kiapo kilichoapwa Tanzania na ndugu kwa niaba yake? Au ni lazima hati ya kubadili jina isajiliwe kwa Msajili wa Hati? Naomba ajibu aliyefanya ndani ya miaka 2 hii, maana taratibu zinabadilika.

Kutoka: Mama Zai wa Barabara ya 9

Waleikum salaam kaka. Pole sana.

Yangu ilikuwa herufi moja. Nilipoomba CGFNS, wanaohakiki vyeti vya wauguzi wa kigeni, ili nikafanye NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, cheti changu cha uuguzi kilikuwa na "i" mwisho wa jina langu na pasipoti haina. Faili ikasimama miezi saba. Nilikuwa nafagia wodi ya wazee usiku, mimi niliyezalisha akina mama miaka kumi na moja, kwa sababu ya "i". Kila nikipiga simu naambiwa subiri wiki sita. Mwisho mwalimu mkuu wa zamani wa chuo, Mungu amrehemu, aliandika barua kwa mkono, akagonga muhuri, akaipeleka posta mwenyewe. Ndiyo iliyopita. Kiapo changu hata hawakukitazama.

Kwa hiyo tafuta mtu aliyekusomesha. Barua ya shule ina uzito kuliko ya wakili.

Kutoka: Bin Raskazone

Mimi niko Lancashire, Uingereza, naona kituo cha nyuklia cha Heysham kutoka dirishani. Nilipofunga majukwaa ya mafundi mle ndani wakati wa matengenezo nilitakiwa CTC kwanza, baadaye SC, vibali vya usalama vya huku. Majina yangu pia hayakulingana. Nilipeleka BRP, kadi ya ukaazi ya huku, ikatosha. Sasa BRP zimekwisha tangu mwisho wa 2024, ni eVisa ya mtandaoni tu, kwa hiyo hakikisha jina la kwenye akaunti ya UKVI, idara ya viza, ndilo la kwenye pasipoti. Ukifanya hivyo utapita.

Kutoka: Mzee wa Chumbageni

Bin Raskazone, huyu ndugu yuko Marekani. Hana UKVI, hana eVisa, hana SC. Mtu anauliza njia ya Muheza unamwelekeza Pangani. Tusome barua kabla ya kujibu.

Nawe Mwana wa Makorora, usitutie hofu. Leseni haifi usipotimiza zamu. Inalala. Kuiamsha ni saa 40 chini ya mwenye leseni hai. Mwanangu wa kwanza ni SRO, opereta mwandamizi, naijua habari hiyo.

Kutoka: Mwana wa Makorora

Shikamoo Mzee. Sikusema inakufa. Najua saa 40, na najua ni pamoja na kuzunguka mtambo mzima na kupokea zamu kikamilifu. Tatizo si saa 40. Tatizo ni kwamba siwezi kuzifanya hizo saa 40 nikiwa nje ya geti, na kikosi changu ni cha watu wachache. Watatu wamestaafu mwaka huu. Nisiposimama mimi, anasimama mtu ambaye wiki hii ilikuwa yake ya kulala. Sheria inaruhusu saa 16 ndani ya 24, na 72 ndani ya siku 7, wala zaidi ya hapo. Wenzangu wanakaribia ukingo huo kwa ajili ya jina la babu yangu.

Kutoka: Dada wa Msambweni

Kaka yangu, nisamehe niseme la moyoni. Kwa nini usiichukue hii kama heri? Kituo cha miaka hamsini na ushee, mionzi, zamu za usiku. Nilisoma habari ya kituo kimoja huko Ohio, kifuniko cha kinu kililiwa na kutu kikabaki ngozi. Una watoto. Njoo kwenye CDL, leseni ya malori, mume wangu ana lori na TWIC, kadi ya kuingilia bandarini, na analala nyumbani siku nne kwa wiki.

Kutoka: Mwana wa Makorora

Dada, nashukuru kwa huruma, nakujibu kwa kirefu kwa sababu hata mama yangu ananiuliza hivyohivyo.

Uliyosoma ni kweli. Ni Davis-Besse, mwaka 2002. Maji ya kinu yana asidi ya boroni, yalivuja polepole juu ya kifuniko, yakaila chuma ikabaki tabaka jembamba la ndani lisilopata kutu. Hakuna opereta asiyelijua jina hilo. Tunafundishwa ili tukiona unga mweupe wa asidi hiyo mahali tusipite tukasema ni vumbi.

Mionzi: kikomo cha sheria kwa mfanyakazi ni milisivati 50 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka. Yangu ya mwaka jana haikufika 1. Mimi nakaa chumba cha kontroli, kinu kiko nyuma ya zege nene kuliko urefu wa mtu.

Lakini uzee wa kituo ni jambo la kweli, na ndilo linaloifanya kazi hii iwe kazi. Leseni ya mwanzo ilikuwa miaka 40. Ikaongezwa 20. Sasa vituo kadhaa vimeruhusiwa kufika 80. Ukuta wangu wa kontroli una vipimo vya mishale kama ya saa, swichi za kushika kwa mkono, kalamu zinazochora kwenye karatasi inayojiviringisha. Kipuri kikiharibika mara nyingi aliyekitengeneza alishafunga kiwanda, kinatafutwa kwenye kituo kilichozimwa. Kuna pampu ya maji ya kulisha ambayo ikianza kuchoka mshale wake hucheza kidogo kabla ya kengele kulia. Hilo haliko kwenye kitabu. Nilionyeshwa na mzee mmoja aliyekaa kiti kile miaka 31. Alinishika bega akasema tazama hapo, usitazame kengele. Yeye ndiye mmoja wa hao watatu waliostaafu.

Mkisikia ajali ya 1979 ya Three Mile Island, kituo cha nyuklia cha hapa Marekani, watu husema waendeshaji walizembea. Mimi nimeisoma zamu ile dakika kwa dakika. Vali ya kupunguza shinikizo ilikwama wazi. Taa ukutani ikaonyesha imefunga. Ile taa haikuwa inaonyesha vali. Ilionyesha kwamba amri ya kufunga imetolewa, basi. Wakaiamini taa, wakadhani kinu kimejaa maji kupita kiasi, wakapunguza maji ya dharura. Kinu kilikuwa kimeshazimwa, lakini kinu kilichozimwa kinaendelea kutoa joto, mwanzoni asilimia 6 hivi ya nguvu yake, na joto hilo bila maji liliyeyusha karibu nusu ya kiini. Ndiyo maana leo nikiambiwa "funga vali 12" narudia "nafunga vali 12", aliyeniamuru anasema "sawa", kisha natafuta kipimo kingine tofauti kinachothibitisha kwamba imefunga. Kila mara. Hata saa tisa ya usiku. Mke wangu ananiambia nyumbani pia namrudishia maneno.

Nilisomea leseni hii karibu miaka miwili, mtihani wa kuandika chini ya asilimia 80 umeanguka. Sitaki lori, dada yangu. Naitaka beji yangu.

Kutoka: Mzee wa Chumbageni

Barua hii imenikumbusha marehemu baba. Alikuwa zamu Hale tangu kituo kilipofunguliwa 1964, megawati 21, maji ya Pangani. Alikuwa akiweka kiganja kwenye beringi ya tabaini, anafumba macho, anasema hii itaomba mafuta kesho. Na kesho yake inaomba. Sisi watoto tulidhani ni uganga. Likizo alitupeleka tukasimama pale juu, sakafu inatetemeka chini ya nyayo. Harufu ile ya grisi na maji ya mto sijaipata tena mahali popote duniani, na mimi nimefika bandari nyingi.

Endelea na kazi yako, mwanangu.

Kutoka: Bin Raskazone

Mzee, maneno ya Muheza na Pangani yameniuma lakini nimekubali, sikusoma vizuri.

Ila niseme hili: yote haya chanzo chake ni kukosa uraia pacha. Angekuwa na pasipoti yetu mkononi angekwenda ofisi yoyote akasema mimi hapa. Sasa anakwenda nyumbani kwao kwa viza ya dola 100. Hadhi maalumu ya wanadiaspora iliyopitishwa haitoshi, hupigi kura, bado ni mgeni. Na nchi yenyewe ina urani Namtumbo, ina Tume ya Nguvu za Atomiki Arusha, siku moja itataka kujenga kinu. Itawatafuta wapi waendeshaji? Watakuwa hawa hawa waliofungiwa mlango.

Kutoka: Mama Zai wa Barabara ya 9

Uraia pacha naunga mkono kwa mikono miwili. Lakini usichanganye, cheti cha kidato cha nne kingekuwa na majina mawili hata angekuwa na pasipoti tatu. Mimi nilikuwa na pasipoti ya Tanzania wakati ule na faili ilisimama vilevile.

Kutoka: Mdogo wa Duga

Kinu Tanzania? Rufiji ina megawati 2,115 sasa. Tumalize nyaya na nguzo kwanza umeme ufike vijijini. Na Tanga ina bomba la mafuta linaloshuka Chongoleani, kilomita 1,443 kutoka Uganda, tuhangaike kuona vijana wetu wanapata ajira pale. Hayo mengine baadaye.

Kutoka: Bin Raskazone

Rufiji ni maji, na mvua ina mwaka wake. Nimeeleza siku moja, sikusema kesho.

Kutoka: Mzee wa Chumbageni

Jamani. Kuna mtu ameuliza kuhusu kiapo.

Kutoka: Dada wa Msambweni

Kweli Mzee. Kaka, kiapo cha mume wangu kiliapwa Dar kwa wakili, lakini kilikuwa cha kiwanja, sijui kama kinahesabika. Na nisamehe kwa habari ya lori. Nimewasomea watoto wangu barua yako jana usiku, mkubwa amesema anataka kujua ile vali ilifungwaje mwisho.

Kutoka: Mwana wa Makorora

Mwambie msimamizi wa zamu iliyoingia asubuhi aliviangalia vipimo kwa macho mapya, wakafunga vali nyingine iliyo mbele yake kwenye bomba hilohilo. Ilikuwa imepita zaidi ya saa mbili. Mwambie na hili: aliyetoka nje akaingia ndiye aliyeona.

Ndugu zangu, leo nimeongea na msimamizi wangu. Robo hii sitaiwahi, hesabu haikubali tena. Leseni italala. Nimeumia, sitaficha. Basi nimeamua kwenda mwenyewe nisimame mbele ya dirisha hilo la ofisi, kwa kuwa wamesema mwenye jina aje. Tiketi niliyokuwa nayo ya Oktoba nimeivuta mbele, naondoka Alhamisi. Narudi siku ya 26. Ukizidi siku 30 nje ya macho ya wenzako kazini, unapimwa tena upya kabla ya kuingia, na sitaki kuwapa sababu nyingine.

Nilichowaficha ni kwamba mama haamki kitandani tangu mfungo sita. Nilikuwa nangoja nitimize zamu ndipo niende. Nimekaa natazama kalenda ya zamu kama vile yeye naye yumo kwenye ratiba. Dada yangu anasema asubuhi anaomba afunguliwe dirisha la upande wa bahari, na Makorora hakuna dirisha linaloona bahari.

Nitaomba barua ya shule kama alivyosema Mama Zai, nitaapa kwa wakili, na nikiweza nitapita Dar kwa Msajili. Nitabeba zote tatu. Nani yuko Tanga mwezi huu mwenye pikipiki au gari la kukodi kwa siku tatu?

Kutoka: Mdogo wa Duga

Kaka, mdogo wangu ana bajaji, anakaa Mabawa. Nakutumia namba kando. Hatachukua pesa.

Kutoka: Mzee wa Chumbageni

Safari njema mwanangu. Vaa shati la mikono mirefu ukienda dirishani, na ufike kabla hawajafungua.

Kutoka: Mama Zai wa Barabara ya 9

Usiku wa leo niko zamu, nitakuombea dua saa zote hizo. Ukifika mpe mama shikamoo yangu. Mwambie inatoka kwa mjukuu wa yule bibi aliyekuwa anauza vibibi Barabara ya 9, karibu na kisima. Atanijua. Alikuwa ananiongezea nazi.