Mshipi unaojiviringa na kuganda wakati wa kuvua trauti majira ya baridi

Swali: Ndugu wavuvi, ninapovua trauti (samaki wa maji baridi) mtoni wakati wa baridi kali, mshipi wangu wa nailoni hutoka kwenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) ukiwa umejiviringa kama springi, huku barafu ikiziba pete za ufito ambamo mshipi hupita. Je, nibadili mshipi?

Jibu: Nailoni hukakamaa kwa baridi na kushika umbo la rili, hasa ikiwa nene, kwa hiyo tumia mshipi mwembamba zaidi, na kabla ya kuanza uvute polepole kwa mikono mita kadhaa ili unyooke. Mshipi wa kusukwa haujiviringi, lakini hubeba maji, nayo ndiyo yanayoganda.

Jibu: Nakubali. Barafu, hata hivyo, usiibandue kwa nguvu (mimi nilivunja pete hivyo). Tumbukiza ncha ya ufito majini, kwa kuwa maji yanayotiririka yana joto kuliko hewa hiyo, nayo barafu itayeyuka.

Aliyeuliza: Nashukuru. Na chambo nikivute kwa kasi ileile?

Jibu: Hapana, polepole mno, karibu na sakafu ya mto penye kina na maji tulivu, maana katika maji ya nyuzi 4 za Selsiasi mwili wa trauti hupoa na hakimbilii chakula cha mbali.