Mchezaji wa hoki ya barafu aliyepita timu 12: alikosa kiwango au kuna sababu nyingine?

Mama Nasra
Wakuu, salaam. Naomba msaada wenu, mchezo huu mimi siujui. Tunaishi Columbus, Ohio, na mwanangu amependa hoki ya barafu mpaka ametundika jezi ya Cole Sillinger ukutani. Juzi akaniambia kwamba baba yake Cole, Mike Sillinger, ndiye mwenye rekodi ya kuchezea timu nyingi kuliko wote NHL, ile ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada: timu 12. Mimi nimekulia kwenye Simba na Yanga, na kwetu mchezaji wa kuhamahama hivyo tulisema ama hana kiwango ama ana matatizo ya nidhamu. Huyu baba alikuwa hivyo? Na mke na watoto waliishije? Mwanangu anasema anataka iwe kazi yake, ndiyo maana nauliza.

Fundi Barafu
Mama Nasra, karibu. Mimi nafanya kazi kwenye uwanja ambako timu moja ya daraja la pili inafanya mazoezi. Naendesha lile gari linalokwangua barafu na kuimwagia maji ili iwe laini upya. Wachezaji wa aina ya Sillinger naonana nao kila siku, na huwa inaniuma wakiitwa hawana kiwango.

Kwanza achana na hesabu za soka. Kwenye soka klabu mbili zikishakubaliana, mchezaji bado anakaa mezani kujadili maslahi yake, na akikataa hakuna usajili. NHL haiko hivyo. Timu zinabadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa nafasi ya kuchagua kijana kwenye uteuzi wa kila mwaka, na mkataba unamfuata kama ulivyo: mshahara uleule, muda uleule. Yeye haulizwi. Anaambiwa tu aende wapi na lini.

Hapa kwetu kila mchezaji ana sehemu yake chumbani, na juu yake kuna kibao cha jina na namba. Siku moja kocha alimpungia kijana mmoja mkono atoke katikati ya mazoezi. Nilikuwa getini na gari langu nasubiri zamu, akapita mbele yangu na viatu vya barafu miguuni, hakusema neno. Nilipomaliza kazi kibao chake kilikuwa kimeshaondolewa, na mtunza vifaa anamfungia magongo kwa utepe, matatu matatu. Mkewe alikuwa kazini kwake, akapata habari kwa ujumbe wa simu. Na wiki ileile kijana huyo alikuwa anacheza vizuri kuliko nusu ya wenzake.

Sasa tuje kwa Sillinger. Ni mtu wa Regina, Saskatchewan, Kanada. Kati ya 1990 na 2009 alicheza mechi 1,049 za NHL, akafunga magoli 240. Mtu asiye na kiwango hafikishi mechi 1,000 kwenye ligi ile, mama. Wengi wanaopita hapa kwangu wangeshukuru kupata kumi.

Kuhusu familia, mwambie mwanao jambo hili. Cole alizaliwa hapohapo Columbus, Mei 2003, baba yake akiwa mchezaji wa timu ya mji huo. Julai 22 mwaka uleule Columbus ikampeleka Dallas, na siku hiyohiyo Dallas ikampeleka Phoenix. Mtoto ana miezi miwili! Akaondoka Dallas bila kucheza hata mechi moja, ndiyo maana Dallas haimo kwenye zile 12. Halafu mwaka 2021 Columbus ikamchagua Cole kwenye uteuzi, wa 12.

Kijiti Kikavu
Mkuu Fundi, heshima yako, ila mimi bado sijashawishika. Timu ikipata lulu haiachii. Steve Yzerman alichaguliwa na Detroit 1983 na akastaafia palepale 2006. Sillinger naye alianzia Detroit. Mbona yeye hawakumshikilia? Na kombe je?

Fundi Barafu
Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, hakulipata, ni kweli. Lakini umemtaja Yzerman, na jibu liko hapohapo. Detroit walimchagua Sillinger mwaka 1989, wa 11 kwa jumla. Mwaka uleule, kwenye raundi za baadaye, wakachagua Nicklas Lidström na Sergei Fedorov. Sillinger alicheza senta, yaani mshambuliaji wa katikati, Yzerman senta, Fedorov senta. Wewe ungemweka wapi? Akaanza kupandishwa na kushushwa, leo Detroit, kesho timu yao ndogo ya Adirondack. Ni foleni aliyoikuta mbele yake, wala si ubovu.

Kilichombakiza ligini muda wote ule ni kazi ambayo mtazamaji mgeni haioni. Mchezo ukisimama, mwamuzi anadondosha kile kisahani cheusi cha mpira kati ya masenta wawili. Anayekiwahi anawapa wenzake umiliki. Inaisha kabla hujapepesa jicho, na inatokea mara hamsini na zaidi kwa mechi. Sillinger alikuwa hodari hapo, na hodari wa kuzuia timu yake inapobaki pungufu kwa sababu mwenzao ametolewa kwa adhabu. Ujuzi wa namna hiyo haudai mfumo mpya, unaingia timu yoyote kesho yake asubuhi. Kwa hiyo kila kocha alimtaka, na kila meneja alijua akimtoa atapata kitu.

Tazama msimu wa 2005–06. Alifunga magoli 32, mengi kuliko msimu mwingine wowote wa maisha yake. Na Januari akahamishwa! Timu yake, St. Louis, ilikuwa inaburuza mkia, mkataba wake unaisha kiangazi, na Nashville waliomchukua wanakimbiza nafasi ya mtoano. Alihamishwa kwa sababu alikuwa mzuri.

Kijiti Kikavu
Hapo kwenye masenta watatu umenipata. Nimekubali.

Mkaa Nairobi
Mama Nasra, mwache kijana acheze. Vijana wetu wa Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, wamejifunzia kwenye ule uwanja wa hoteli ya Panari, mdogo kuliko kipimo cha kimataifa, na Kenya ilipokelewa kwenye shirikisho la dunia mwaka 2024. Yeye ana barafu kamili karibu na nyumbani.

Mama Nasra
Asanteni sana. Fundi, nimesoma habari ya mke aliyepata ujumbe kazini nikashtuka. Kwani hakuna kinga yoyote?

Fundi Barafu
Ipo, mama, ila inachelewa. Mchezaji anaweza kudai kipengele cha kutohamishwa bila ridhaa yake, lakini kinaanza kufanya kazi akitimiza miaka 27 au misimu saba ligini, na anayekipata ni yule ambaye timu inamhitaji sana. Njia nyingine ni mkataba kuisha akachagua mwenyewe. Sillinger alisaini Columbus mwaka 2001 akiwa huru, na tena New York Islanders mwaka 2006, akapewa miaka mitatu. Hapo ndipo alipomalizia, nyonga ilipokataa.

Kijana akianza mazoezi, mnunulieni viatu vinavyomkaa sasa hivi, msimnunulie vikubwa eti atavikulia. Kifundo kikicheza ndani ya kiatu hawezi kujifunza kugeuka.