Oba Femi kakomaaje haraka hivi?

Mpenzi wa Ulingo: Wakuu, nafuatilia mieleka tangu enzi za kukodi kanda, lakini huyu Mnigeria Oba Femi, aliyeibukia NXT, tawi la WWE la kukuza vijana, ananichanganya. Januari 2024 kamvua Dragon Lee mkanda wa ubingwa wa Amerika Kaskazini wa NXT, Januari 2025 kabeba mkanda mkuu wa NXT. Wenzake wanazunguka kumbi ndogo miaka mingi. Yeye kajifunzia wapi?

Mama Mieleka: Mwanangu, alikuwa mrusha tufe Chuo Kikuu cha Alabama. Mrusha tufe nguvu huanzia miguuni, inapita kiunoni, mkono unamalizia tu. Mtazame anapomrusha mtu juu kabla ya kumbwaga: magoti yanakunjwa kwanza. Hilo alikuja nalo. Kituo cha mazoezi cha WWE kule Orlando, Marekani, kilichofunguliwa 2013, kinafundisha kuanguka: kidevu kifuani, mikono inapiga turubai ili kisogo kisiguse. Ila ninachokipenda zaidi kwake ni utulivu. Hapapariki, anauacha ukumbi umalize kelele zake. Vijana wengi wanaharibu hapo, wanarukia mbwembwe moja hadi nyingine, mtazamaji hapati nafasi ya kuumia nao.

Kona Nyekundu: Naongezea kwa mama. Dragon Lee ni mwepesi, mrukaji wa Mexico. Jitu likikutana na mwepesi, ukubwa wake ndiyo unaonekana.

Mpenzi wa Ulingo: Shikamoo mama, na asante. Nimerudia pambano sasa hivi, mara tatu. Kweli kabisa, magoti kwanza!