Kadi zimeandikwa gigabaiti 64, ndani hazifiki 8: nadai fedha zangu

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Arua hadi Kampala kununua kadi sita za kumbukumbu za microSD za kutumia kwenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi 4, ambazo vijana wetu wa sekondari hujifunzia kuandika programu. Nililipa shilingi 40,000 kwa kila kadi, zote zikiwa zimechapishwa gigabaiti 64, na muuzaji aliniapia kwamba ni halisi.

Kila kadi niliisakinishia Raspberry Pi OS, yaani mfumo unaoendesha kompyuta hizo, toleo jepesi la Lite, kwa kutumia programu ya Raspberry Pi Imager. Programu hiyo ikimaliza kuandika huisoma kadi upya ili kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichokusudiwa, na kadi zote sita zilipita. Nilizichomeka, taa ya kijani ikamemeta, mfumo ukawaka, nami nikaamini kazi imekwisha.

Siku ya tisa faili zikaanza kuharibika. Binti mmoja alifungua programu aliyoihangaikia wiki nzima: jina la faili lipo, ukubwa wake upo, lakini ndani mmejaa alama zisizosomeka. Kufikia Ijumaa kompyuta nne zilikuwa haziwaki kabisa.

Nilipompigia simu, muuzaji alinijibu, "Mwalimu, umeziunguza mwenyewe kwa kusakinisha vibaya, na huko kwenu umeme unakatikakatika." Ni kweli kwamba umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, faili huweza kuharibika, na ndiyo sababu kompyuta zetu zote huendeshwa kwa betri ya sola. Hazijazimika ghafla hata mara moja.

Niliamua kuzipima kwa programu ya F3, ambayo huijaza kadi yote kisha ikaisoma. Kazi hiyo ilinichukua zaidi ya saa mbili kwa kila kadi, na jibu lilikuwa lilelile mara sita: gigabaiti 7 na kitu ni nzima, zilizobaki zote zimepotea. Kidhibiti kilichomo ndani ya kadi kimechezewa ili kiitangazie kompyuta ukubwa usiokuwepo, na chochote kinachoandikwa kupita nafasi halisi hakihifadhiwi, ingawa kompyuta huambiwa kimehifadhiwa. Hapa ndipo nilipodanganyika, na naomba wenzangu mpaelewe vizuri: toleo la Lite halifikishi hata gigabaiti 4, kwa hiyo lilienea lote katika sehemu iliyo nzima, na uhakiki wa Imager haukuwa na cha kukamata. Kompyuta ilipowashwa mara ya kwanza ndipo mfumo ulipojitanua kujaza gigabaiti 64 za uongo, na kazi za watoto zikaanza kuandikwa mahali pasipokuwepo.

Nilimtumia muuzaji picha za matokeo hayo. Amezisoma, hajajibu, na simu zangu hapokei tena.

Nataka shilingi 240,000 zangu zote. Sitaki kubadilishiwa kadi kutoka sanduku lilelile. Kadi hizo sita nimezifunga kwenye bahasha pamoja na stakabadhi, na Jumatatu nitapanda basi kurudi dukani kwake. Akikataa, bahasha hiyo nitaipeleka UNBS, shirika la viwango la Uganda, siku hiyohiyo. Aliyewahi kuwafikishia UNBS lalamiko la kadi bandia anieleze hapa ni vielelezo gani vingine nibebe.