Semina ya mwaka wa kwanza Marekani: kuandika naweza, kuongea ndiyo kazi

Habari za majukumu wakuu. Naombeni ushauri, hasa mliosoma Marekani.

Nilimaliza kidato cha sita Tanzania, sasa niko mwaka wa kwanza chuo huku Ohio. Nimepangiwa semina ya wenye ufaulu wa juu: tuko 14, meza moja, hakuna lekcha. Profesa anatupa swali kisha ananyamaza. Asilimia 30 ya maksi ni kuchangia mjadala.

Insha ya kwanza nilipata A-, kwa hiyo shida ni mdomo tu. Nikimaliza kupanga sentensi kichwani, wenzangu wameshahamia hoja nyingine. Halafu hawanyooshi mkono, wanadakia! Juzi tulijadili kesi ya Socrates. Hoja yangu ilikuwa pembeni ya karatasi, nimeipigia mstari kabisa. Jirani yangu akaisema, akasifiwa yeye.

Nimejaribu kwenda na hoja tatu tayari. Naishia kusema moja, tena kwa kunong'ona.

Nikimfuata profesa ofisini kumweleza, ataona natafuta huruma? Na kwa waliowahi kuacha semina ya namna hii katikati ya muhula, ufadhili wenu uliguswa?