Mgombea mwenza: Karua, Gachagua au Kindiki? Tulinganishe kabla ya 2027

Msomaji_Bondeni (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Uchaguzi mkuu wetu wa Kenya ni Agosti 10, 2027, na kila kijiwe hapa Nakuru tayari kina tikiti yake: fulani rais, fulani naibu. Ninachosikia ni hesabu tu. Huyu ataleta kura za Mlima Kenya, yule ataleta za Magharibi, mwingine za Ukambani. Sijasikia anayeuliza kama hao wawili, wakishaapishwa, wataweza kukaa meza moja hata mwaka mzima.

Ndiyo maana nataka tulinganishe yale tuliyokwisha kuyaona kabla hatujaingia kwenye majina ya kesho. Mei 2022 tuliwekewa chaguo mbili kwa siku mbili mfululizo. Jumapili tarehe 15, William Ruto akamtangaza Rigathi Gachagua, mbunge wa Mathira aliyekuwa katika muhula wake wa kwanza. Jumatatu tarehe 16, Raila Odinga akamtangaza Martha Karua pale ukumbi wa KICC, Nairobi. Wote wawili ni wa Mlima Kenya, na kila mtu alijua kwa nini. Kulikuwa na wa tatu, Kithure Kindiki, ambaye vyombo vya habari viliripoti kuwa wabunge wengi wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, kutoka Mlimani walimpendelea yeye. Akaachwa. Leo ndiye Naibu Rais.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Chaguo la Ruto lilifaa kampeni, kisha likaivuruga serikali. La Raila lingeifaa serikali, ila kura halikuleta za kutosha. Hata Kirinyaga, nyumbani kwa Karua, walimpa Ruto. Ningeambiwa nichague leo, ningemchukua Karua. Nyinyi mwaonaje? Tuheshimiane tafadhali, hapa kuna watu wa kila upande.

NyarKondele (Kisumu)

Kaka, niko nawe kwa Karua, lakini kusema hakuleta kitu unapima kwa Kirinyaga peke yake. Njoo upime huku kwetu.

Siku alipotangazwa nilikuwa soko la Kibuye. Redio ilikuwa imefunguliwa kwenye kibanda kimoja, sauti juu kabisa, na mama muuza omena ameshika gorogoro mkononi, hapimi, na mteja naye hamhimizi. Jina lilipotajwa, vigelegele vilianzia upande wa samaki vikaenda mpaka kwenye mitumba. Kumbukeni ni nani huyo. Mapema 2008, kwenye mazungumzo ya Kofi Annan ya kumaliza ghasia za uchaguzi, Karua ndiye aliyekuwa akipigania upande wa Rais Kibaki dhidi ya Raila kwa ukali kuliko wote, wakati Kisumu ilikuwa inazika watoto wake. Mtu wa namna hiyo kushangiliwa Kibuye miaka 14 baadaye si jambo la kupitia haraka.

Mimi nilijua sababu yangu. Aprili 2009 aliacha uwaziri wa haki alipoona hawezi kuifanya kazi jinsi alivyotaka. Ni mawaziri wangapi wa Kenya wamewahi kuachilia gari na bendera kwa hiari yao? Mtu kama huyo akiwa naibu, bosi wake anajua kuna jambo hatalikubali. Hapo ndipo Gachagua na Karua hawalingani, hata kama wote ni watu wa Mlima.

Mkulima_Molo (Nakuru)

Dada NyarKondele, nakuheshimu, na Mama Karua sina neno baya juu yake. Lakini nyinyi wa mjini mnampima mgombea mwenza kwa sifa zake. Sisi wa huku tunampima kwa usalama wa boma zetu, na sitaomba radhi kwa hilo.

Nilimpigia Ruto kura, na Gachagua alikuwa sababu kubwa. Huku Molo, Kuresoi, Elburgon mpaka Njoro, Mkikuyu na Mkalenjin tunapakana ua kwa ua. Mwaka 1992 watu walichomewa nyumba. Baada ya kura za 2007 ikawa hivyo tena, na familia nyingi kutoka huku zikaishi kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho pale Nakuru. Kila mara jamii hizi mbili zinapokuwa pande tofauti za karatasi ya kura, sisi ndio tunaolipa, wala si wanaozunguka na helikopta. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, na Ruto, Mkalenjin, walipoingia tikiti moja, nyinyi wengine mliita ni ndoa ya kesi zao za mahakama ya ICC kule Hague. Huku tulilala usingizi.

Sasa 2022 Uhuru alikuwa anaondoka, naye ameegemea kwa Raila. Hofu ikarudi. Wazee walianza kuulizana kwa sauti ya chini kama watoto wapelekwe kwa jamaa mapema. Gachagua alipotajwa, maneno hayo yalikwisha. Siku chache kabla ya kura, jirani yangu Mkalenjin alikuja kuazima pampu ya kunyunyizia viazi dawa, tukasimama pale kwenye lango tukizungumzia ukungu ulioingia shambani kwake na bei ya mbegu. Hakuna aliyetaja siasa. Barabarani sikuona godoro limefungwa juu ya gari hata moja.

Karua angeweza kuwa malaika, lakini akiwa kwenye tikiti ya Raila hangeweza kutuletea hilo. Na ndiyo maana yaliyofanyika Oktoba 2024 yalituuma sana. Gachagua alikuwa na mdomo, nakubali. Maneno yake kwamba serikali ni kama kampuni yenye hisa yaliwaudhi Wakenya wengi, nami sikuyapenda. Lakini alipong'olewa, hakuna aliyekuja Molo kutuuliza tutabaki vipi na majirani zetu.

Wakili_Milimani (Kisumu)

Niongeze sheria kidogo, maana naona tunajadili kana kwamba naibu ana kura zake.

Kifungu cha 148 cha Katiba kinamtaka kila mgombea urais ateue mtu ambaye mwenyewe ana sifa za kugombea urais, na tume ya uchaguzi, IEBC, haifanyi uchaguzi wa naibu kando. Unapoweka alama, unawachukua wote wawili. Rais akifa, akijiuzulu au akiondolewa, naibu anamalizia muhula bila wananchi kurudi kwenye foleni. Naibu naye akiondolewa, rais ana siku 14 za kuteua mwingine, na Bunge la Kitaifa lina siku 60 za kupiga kura.

Tumeiona ikifanya kazi. Oktoba 8, 2024 wabunge 281 walipiga kura ya kumbandua Gachagua, 44 wakapinga. Oktoba 17 Seneti ikamkuta na hatia kwa mashtaka 5 kati ya 11. Novemba 1 Kindiki akaapishwa. Watu 7,176,141 walikuwa wameweka alama kwenye tikiti ya Ruto na Gachagua. Katiba iliruhusu, sina ubishi. Lakini Mkulima, jibu la swali lako ni kwamba hakuna kifungu kinachomlazimisha mtu kuja Molo kuwauliza. Mlimpa mtu dhamana ya usalama wenu kupitia kiti ambacho hakiko mikononi mwenu.

Omwami_Butere (Kakamega)

Mabwana na mabibi, mjadala ni mzuri ila naona Mlima Kenya tu. Sisi Magharibi tukae wapi?

Musalia Mudavadi alikuwa mgombea mwenza wa Uhuru 2002. Wakashindwa, na hata kiti chake cha ubunge cha Sabatia kikamponyoka. Mwaka 2007 alisimama na Raila. Matokeo mnayajua. Mwaka 2013 akaamua kugombea mwenyewe, akapata kura chini ya laki tano. Basi 2022, yeye na Moses Wetang'ula wakaingia Kenya Kwanza kwa mkataba: walete asilimia 70 ya kura za Magharibi, wapate asilimia 30 ya serikali. Bungoma ilikwenda kwa Ruto. Kakamega yangu na Vihiga zikabaki na Raila. Mudavadi akapewa Mkuu wa Mawaziri, Wetang'ula akawa Spika.

Kuna wanaosema Mudavadi amefanya vyema kuliko naibu yeyote. Julai 11, 2024 Ruto alipovunja baraza la mawaziri, yeye alibaki. Gachagua aliyekuwa na kiti cha Katiba akaenda nyumbani miezi mitatu baadaye. Hoja ina uzito. Lakini cheo cha Mudavadi kiliundwa kwa amri ya rais, na kalamu iliyokiandika inaweza kukifuta asubuhi moja. Kumwondoa naibu kunahitaji theluthi mbili katika mabunge yote mawili, mashtaka yasomwe, mawakili wasimame, nchi nzima itazame. Mimi ningechukua kiti hicho kwetu, niache asilimia za kwenye karatasi.

Na tusimsahau Kalonzo Musyoka wa Ukambani. Alikuwa mgombea mwenza wa Raila 2013 na 2017, Ukambani ikampa Raila kura mara zote mbili. Mwaka 2022 akatakiwa akahojiwe na jopo la Dkt. Noah Wekesa kana kwamba anaomba kazi kwa mara ya kwanza. Alikasirika, akatangaza kugombea peke yake siku ile ile Karua alipotajwa, kisha akarudi Azimio, muungano wa Raila. Nikiulizwa ni nani alikuwa chaguo bora kwa Raila, nasema Kalonzo. Si kwa umaarufu. Ni mtu ambaye Raila alishafanya naye kazi, wanajuana hasira na ukimya.

Kijana_Kanduyi (Bungoma)

Wazee wangu, shikamooni. Mimi nitapiga kura ya urais kwa mara ya kwanza 2027, na nawaomba mnisikilize.

Juni 25, 2024 vijana walipoingia barabarani kuhusu Mswada wa Fedha, sikumsikia yeyote akiuliza naibu ni wa kabila gani. Tulikuwa tunauliza bei ya unga na kwa nini aliyehitimu chuo anakaa nyumbani. Kampeni ya 2022 Ruto alituuzia wilbaro, alama ya chama chake, na maneno ya mahasla, yaani watu wa kipato kidogo. Mgombea mwenza alikuwa na kazi gani ndani ya ahadi hizo? Sikumbuki.

Mlitangaziwa majina chini ya miezi mitatu kabla ya kura. Julai 19 kukawa na mjadala wa Karua na Gachagua, nikautazama nikiwa shule. Nilidhani Gachagua angeaibika, lakini alijibu bila kutetemeka, na Karua alijua mambo ya sheria ndani nje. Usiku mmoja ule ulinifundisha kuwahusu kuliko mikutano yote iliyopita Kanduyi kwa mwaka mzima. Ninataka mijadala ya namna hiyo mingi, na mgombea mwenza atajwe mapema, mwaka huu, siyo wakati karatasi za kura zinakaribia kuchapishwa.

Msomaji_Bondeni (Nakuru)

Marahaba, kijana. La kutajwa mapema naliunga mkono kabisa.

Mkulima, nimekusoma mara mbili. Mimi nakaa Nakuru mjini, najua unachosema ni kweli. Ila tazama: tofauti ya Ruto na Raila ilikuwa kura 233,211. Kwa pengo dogo namna hiyo, kila kundi linaweza kusema ndilo lililomweka. Hapo ndipo ugomvi wa Ruto na Gachagua ulipoanzia, kila mtu anadai hisa. Mgombea mwenza anayeingia kwa sifa ya kuleta kura atadai malipo kila siku ya muhula. Kindiki hakuingia kwa kura hizo, na hadi sasa hujamsikia akigombana na bosi wake hadharani. Hilo ni zuri kwa utulivu. Kama ni zuri kwa Mlima na kwa nyinyi wa Molo, sina hakika.

Omwami, kwa Kalonzo nakataa. Kushindwa pamoja mara mbili si sababu ya kwenda mara ya tatu.

NyarKondele (Kisumu)

Tuseme ya sasa. Tangu Baba, Raila, alipofariki Oktoba 15, 2025, kila mkutano wa chama chake cha ODM ninaousikia una swali hili: tukae ndani ya serikali jumuishi na Ruto na tudai kiti cha naibu kwenye tikiti ya Ruto, au tutoke? Wako wanaosema kiti hicho ni haki yetu, kwamba tulimwokoa Ruto serikali yake ilipoyumba.

Mimi sitaki kiti kiombwe kwa hesabu ya kapu la kura. Mkulima ametaja hofu ya Molo, nasi Kisumu tuna yetu. Agosti 2017, baada ya matokeo kutangazwa, polisi waliingia Nyalenda usiku, mtoto wa miezi sita akapigwa ndani ya nyumba ya wazazi wake, akafa. Mwaka 2013, 2017, 2022, mgombea mwenza wetu alikuwa mtu tunayemheshimu, na haikubadilisha mahali polisi wanapoelekeza marungu. Kwa hiyo yeyote atakayekuja Kisumu akiitwa mgombea mwenza, awe wa kwetu au wa Mlima, nitamwuliza jambo moja: usiku wa matokeo, polisi watakuwa wapi na watakuwa wamepewa maagizo gani? Mkulima, nadhani hata nyinyi mnalihitaji jibu hilo.

Mkulima_Molo (Nakuru)

Tunalihitaji. Mwaka 2008 polisi walitufikia wakati nyumba zimeshakuwa majivu. Ila dada, ODM wakichukua kiti hicho, watu wa Mlima wataenda na mpinzani wa Ruto, na sisi huku tutarudi pande mbili za karatasi. Nakuambia kama jirani: hilo ndilo linalonitoa usingizi kuelekea 2027, na sijasikia kiongozi wa ODM wala wa UDA, chama cha Ruto, akilizungumzia.

Wakili_Milimani (Kisumu)

NyarKondele, swali lako liulize, lakini liulize kwa usahihi ili wasikukwepe. Naibu Rais hana amri juu ya polisi. Chini ya kifungu cha 245, amri ni ya Inspekta Jenerali, na waziri anaweza kumpa maelekezo ya sera kwa maandishi pekee. Kwa hiyo mwulize mgombea urais na mgombea mwenza wakiwa jukwaa moja: mtamteua nani kuwa waziri wa usalama, na maelekezo yake kwa Inspekta Jenerali mtayachapisha? Wakijibu tofauti, mtajua hawajakaa chini kuzungumza.